Siku ya Kutalii kwa Boti kwenye Mto Chao Phraya, Bangkok: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Saa zote hapa ni za Kiswahili, kwa hiyo saa 2 asubuhi ndiyo 08:00 utakayoiona kwenye ratiba za Thailand. Nauli na viingilio hupandishwa mara kwa mara. Chukulia tarakimu zilizotajwa kama kipimo cha kupangia bajeti, kisha uthibitishe dirishani.

## Mambo ya msingi

Kwa nini nitalii Bangkok kwa boti badala ya teksi au basi?

Kwa sababu mji huu ulijengwa ukiutazama mto. Mfalme Taksin aliweka makao yake Thonburi, ng'ambo ya magharibi, baada ya Ayutthaya, mji mkuu wa awali, kuanguka mwaka 1767. Mwaka 1782 Mfalme Rama wa Kwanza alihamishia makao ng'ambo ya mashariki, iliko ikulu hadi leo. Kila aliyekuja baada yao akajenga kando ya maji: mahekalu, maghala ya Wachina, makanisa ya Wareno, misikiti, balozi na hoteli za zamani. Barabara zilichelewa kuja, na nyingi zilichelewa kupanuka. Matokeo yake ni kwamba sehemu kubwa ya vitu ambavyo mgeni huja kuviona iko mwendo mfupi wa miguu kutoka gatini, huku anayetumia teksi akikaa kwenye foleni akitazama namba za gari la mbele.

Mto wenyewe huanzia Nakhon Sawan, mito Ping na Nan inapokutana, na huteremka kilomita 372 hadi Ghuba ya Thailand. Lakini ile sehemu inayopita kati ya ikulu na hekalu la Wat Arun haikuwa mto hapo mwanzo. Ni njia ya mkato iliyochimbwa karne ya 16 ili meli zinazopanda kwenda Ayutthaya zisilazimike kuzunguka kona ndefu. Maji yakaipenda njia fupi, yakaipanua, na mkondo wa zamani ukanywea ukawa mifereji ya Bangkok Yai na Bangkok Noi. Ukiingia kwenye mifereji hiyo (tazama swali la boti za mkia mrefu) unapita pale mto ulipokuwa.

Nianzie wapi?

Gati la Sathorn. Shuka treni ya juu ya BTS kwenye kituo cha Saphan Taksin, fuata njia ya kutokea namba 2, na mto uko mbele yako. Magati ya kwenda juu ya mto yamepewa herufi N na namba: N1 ni Oriental, N5 Ratchawong, N8 Tha Tien, N9 Tha Chang, N13 Phra Arthit, na N30 ni Nonthaburi, mwisho wa safari. Namba hizo zinasaidia kuliko majina, maana jina moja la Kithai linaweza kuandikwa kwa herufi za Kilatini kwa namna tatu au nne.

Anayekaa karibu na treni ya chini ya MRT ashuke Sanam Chai, kituo kilichofunguliwa 2019. Kiko karibu na gati la Rajinee, na ni jirani wa hekalu la Wat Pho.

Zile bendera za rangi kwenye boti zina maana gani?

Zinaonyesha boti inasimama wapi na kwa nauli gani. Unayoihitaji ni bendera ya chungwa: hufanya kazi kila siku, hata Jumapili, tangu alfajiri hadi karibu na magharibi, husimama kwenye magati mengi, na nauli yake ni moja bila kujali umbali, baht 16. Bendera ya njano, na ile ya njano na kijani, ni boti za wafanyakazi za asubuhi na jioni siku za kazi tu, na huruka magati kadhaa. Mgeni akipanda mojawapo bila kujua hupitishwa kituo chake akikitazama.

Bendera ya buluu ni boti ya watalii. Pamoja na hizo kuna boti za umeme zenye kiyoyozi, vivuko vidogo vinavyokatiza kutoka ng'ambo hadi ng'ambo kwa baht chache, na boti za bure za hoteli na maduka makubwa.

Boti ya watalii au ya kawaida, ipi ni bora?

Ya kawaida, kwa mtu yeyote anayeweza kupanda ngazi na kusimama kwa dakika kumi. Nasema hivyo si kwa ajili ya nauli pekee. Kwenye boti ya bendera ya chungwa unakaa na wanafunzi, watawa, wauguzi wa hospitali ya Siriraj na akina mama wenye vikapu vya maua, na mto unauona kama wenyeji wanavyouona, yaani kama barabara. Boti ya buluu ina kipaza sauti kinachotaja kila jengo, na hicho kipaza sauti hakinyamazi.

Hata hivyo boti ya buluu ina nafasi yake. Ina viti vya kutosha, haina haraka gatini, na wazee au wenye watoto wadogo huifurahia zaidi. Safari moja ni ghali kuliko ya chungwa, lakini kuna tiketi ya siku nzima ambayo humfaa anayeshuka na kupanda mara nyingi. Ukiwa Sathorn, ujue kwamba meza iliyo mbele kabisa, yenye wahudumu wanaoita kwa Kiingereza, kwa kawaida huuza ya buluu. Sema "orange flag" na watakuelekeza.

Nauli inalipwaje?

Kwa fedha taslimu. Katika magati makubwa kuna meza ya tiketi. Kwingineko unapanda kwanza, kisha kondakta anakuja akitikisa kopo refu la chuma lenye sarafu na vitiketi. Mlio wake utausikia kabla hujamwona. Uwe na noti za baht 20 na sarafu. Noti ya baht 1,000 kwa nauli ya baht 16 haitakupa marafiki.

Nikae upande gani?

Asubuhi ukipanda kuelekea kaskazini, jua liko kulia kwako, kwa hiyo kaa kushoto. Huko pia ndiko iliko Wat Arun. Alasiri ukirudi kusini, jua la magharibi linakuja tena kulia. Mto una kona nyingi na kanuni hii huvunjika kila baada ya muda, lakini kwa ujumla inafaa. Viti vya pembeni hupata upepo na hupata pia matone, hasa tishari kubwa za mchanga na saruji zinapopita zikivutwa na tagi. Nyuma kabisa ni karibu na injini na karibu na mlango: kelele nyingi, picha nzuri.

## Kupanga siku

Nisimame vituo vingapi?

Vitatu. Vinne kama miguu yako ni mizima na umeamka mapema. Ratiba zinazopita mitandaoni huweka vituo saba au vinane kwa siku moja, na mtu anayezifuata hukumbuka foleni, jasho na viatu vya kuvua na kuvaa. Joto la Bangkok linachosha hata aliyezoea joto, na hekalu la tatu kwa siku moja huanza kufanana na la pili.

Ukiwa na vituo vitatu unabaki na nafasi ya kukaa gatini na kinywaji ukiangalia boti zikifika na kuondoka. Wengine huita huko kupoteza muda. Mimi naona hiyo ndiyo sehemu ya siku iliyokupeleka mtoni.

Je, niweke Ikulu Kuu siku hiyohiyo?

Ningeshauri hapana. Ikulu, pamoja na hekalu la Budha wa Zumaridi lililo ndani yake, inastahili asubuhi yake yenyewe. Hufunguliwa saa 2:30 asubuhi, tiketi mwisho saa 9:30 alasiri, na kiingilio kwa mgeni ni baht 500. Kufikia saa 4 ua wote umejaa makundi yanayofuata vibendera vya waongoza watalii. Ukitoka hapo umechoka, na mto unakuwa usafiri wa kukurudisha hotelini tu.

Kama una siku moja pekee Bangkok na ikulu huwezi kuikosa, basi fika Tha Chang (N9) kabla malango hayajafunguliwa, toka saa 4 na nusu, na siku iliyobaki ifanye nyepesi: Wat Pho kwa miguu, halafu kivuko kwenda Wat Arun, basi. Kuhusu mavazi, tazama swali lake hapa chini. Ikulu ndiyo mahali ambapo kanuni hiyo hufuatwa kwa ukali kuliko kote.

Basi nipange siku vipi?

Mpangilio ninaoupenda huanza kwa kwenda mwisho. Panda bendera ya chungwa Sathorn kama saa 3 asubuhi, msongamano wa wafanyakazi ukishapungua, na usishuke mpaka Nonthaburi. Ni zaidi ya saa moja. Utakuwa umeona kila kitu kikipita: nyumba za zamani za Talat Noi, Daraja la Kumbukumbu la mwaka 1932, Wat Arun kushoto, paa za ikulu kulia, hospitali ya Siriraj, Daraja la Rama VIII lililofunguliwa 2002 na nyaya zake za rangi ya dhahabu, kisha majengo yanapungua na nyumba za mbao zinaongezeka. Huko mwisho kuna mnara wa saa, jengo la zamani la mkoa lililojengwa kwa mbao, na soko ambalo halikuwekwa kwa ajili ya watalii. Msimu wa duriani ukikukuta, mashamba ya Nonthaburi yanasifika kwa tunda hilo. Kula hukohuko, maana hoteli nyingi haziliruhusu mlangoni.

Halafu shuka na mto taratibu. Chakula cha mchana Wang Lang (N10), nyuma ya Siriraj, ambako vichochoro vimejaa vyakula vya bei ya wauguzi na wanafunzi. Alasiri Tha Tien (N8), kwa ajili ya Wat Pho au Wat Arun, chagua moja. Jioni soko la maua la Pak Khlong Talat, gati la Yodpiman, lenye mashada ya asumini na magunia ya maua ya njano yanayopelekwa mahekaluni. Soko hilo halifungwi usiku wala mchana.

Faida ya kwenda mwisho kwanza ni kwamba unaporudi unajua macho yako yalivutwa wapi. Mara nyingi si pale ulipodhani.

Wat Pho au Wat Arun, kama ni lazima nichague?

Zinatofautiana sana. Wat Pho ni ya ndani: sanamu ya Budha aliyelala yenye urefu wa mita 46 na kimo cha mita 15, imejaza jengo lake hata huwezi kuiona yote kwa mtazamo mmoja, na nyayo zake zimepambwa kwa lulumizi. Kuna pia shule maarufu ya ukandaji wa Kithai. Mtu aliyechoka miguu anaweza kukandwa hapohapo. Kiingilio ni baht 300.

Wat Arun ni ya nje. Mnara wake mkubwa umefunikwa vipande vya kaure ya Kichina na makombe ya baharini, na inasemekana kaure nyingi ilifika kama farumi kwenye mashua za biashara kutoka China. Ukiwa mbali unaona mnara wa kijivu. Ukiukaribia unaona maua, sahani zilizovunjwa, na majitu yaliyobeba kila ngazi mabegani. Budha wa Zumaridi aliwekwa hapa kabla ya kuhamishiwa ng'ambo.

Kwa siku ya mto, mimi nachagua Wat Arun.

Wat Arun inapendeza saa ngapi?

Iko ng'ambo ya magharibi, kwa hiyo asubuhi jua huipiga usoni na kaure inang'aa. Huo ndio wakati wa kuipanda. Jioni jua huzama nyuma yake, na wakati huo unatakiwa uwe ng'ambo ya pili, upande wa Tha Tien. Mikahawa ya paa huko hujaa saa moja kabla ya machweo, na baadhi hutoza kiwango cha chini cha kununua. Gatini huonekana vilevile, bure.

Kuna sehemu tulivu isiyo na watalii wengi?

Kudi Chin, Thonburi. Ni mtaa mdogo wa vichochoro kati ya kanisa la Santa Cruz na hekalu la Wat Kalayanamit. Taksin aliwapa Wareno waliopigana upande wake kiwanja hapa, na vizazi vyao bado wapo. Kanisa linaloonekana leo ni la mwaka 1916. Familia chache bado huoka keki ndogo za mayai zenye zabibu kavu juu, mapishi yaliyoachwa na Wareno. Hatua chache kutoka hapo kuna hekalu dogo la Kichina, hekalu la Kibudha, na kando ya mfereji ni msikiti wa Bang Luang, mweupe wote, uliojengwa kwa umbo la hekalu la Kithai. Sijui mtaa mwingine Bangkok unaoeleza mto huu ulileta watu gani kwa hatua chache namna hiyo.

Unaweza kufika kwa miguu kutoka soko la maua, kwa kuvuka mto juu ya bustani ya wapita kwa miguu iliyofunguliwa 2020 katikati ya Daraja la Phra Pok Klao. Nyakati za joto kali usivuke adhuhuri. Kivuli ni kidogo.

## Mifereji, masoko na safari za mbali

Boti za mkia mrefu zinakodishwaje?

Ni zile nyembamba zenye injini ya gari iliyofungwa nyuma kwenye mhimili mrefu. Huingia kwenye mifereji ya Thonburi ambako boti kubwa hazifiki. Bei ni ya mashua nzima kwa saa, si ya kichwa, na hili ndilo la kukubaliana kabla mguu haujaingia. Kubalianeni pia njia, idadi ya vituo, na gati la kurudi. Mwenye mashua akisema "saa moja" uliza kama kusimama kunahesabiwa. Wawili wakikodi peke yao ni ghali. Wanne au watano wakichanga huwa nafuu.

Omba kupita Khlong (yaani mfereji) Bangkok Yai hadi Khlong Bang Luang. Utaona nyumba juu ya nguzo, kenge wakubwa wakiota jua kwenye kingo, na kwa mbali sanamu ya Budha ya Wat Paknam, mita 69, iliyokamilika 2021. Mbele ya mahekalu kadhaa maji huchemka kwa kambare wanaolishwa mikate. Kuvua hapo ni mwiko. Ukitokea Khlong Bangkok Noi kuna jumba la makumbusho la mashua za kifalme, ambamo imo Suphannahong ya mwaka 1911, yenye kichwa cha ndege wa dhahabu na nafasi ya wapiga makasia 50.

Malango ya kuzuia maji kwenye mifereji hufungwa maji yanapokuwa juu mno au chini mno. Ikitokea, njia hubadilika na si ulaghai.

Soko linaloelea liko kwenye mto huu?

Lile la kwenye picha nyingi, Damnoen Saduak, haliko hapa. Liko kilomita 100 hivi kusini magharibi ya Bangkok, na huendewa kwa gari. Anayekuuzia "soko linaloelea" gatini kwa nusu saa huwa anamaanisha mwanamke mmoja au wawili wenye mitumbwi wanaouza kofia na vinywaji katika mfereji. Taling Chan, ndani ya mji, ni la kweli lakini ni la mwisho wa juma pekee.

Ko Kret inafaa?

Inafaa sana, Jumamosi au Jumapili. Ni kisiwa kilichotokea mwaka 1722 mfereji ulipokata kona ya mto, na wakazi wake wengi ni wa asili ya Wamon, mafundi wa vyungu. Hakuna magari, watu hutembea au hukodi baiskeli. Kipo juu ya Nonthaburi, kwa hiyo kinachukua siku yako yote. Siku za katikati ya juma vibanda vingi hufungwa.

Naweza kufika Ayutthaya kwa boti na kurudi siku hiyohiyo?

Ni kilomita 80 hivi, na boti za kawaida haziendi. Zipo safari za watalii zinazopeleka watu kwa basi na kuwarudisha kwa boti. Lakini kwa siku hiyo utakaa mtoni muda mrefu na magofuni muda mfupi. Ayutthaya, mji mkuu hadi 1767 na urithi wa dunia tangu 1991, ipe siku yake kwa treni.

## Mavazi, chakula, swala na adabu

Nivae nini?

Mabega na magoti yafunikwe, kwa wanaume na wanawake. Suruali nyepesi na shati la mikono, au sketi ndefu, au dera, vinakubalika kote. Mtandio wa kufunika mabega juu ya vesti haukubaliki ikulu, hata kama hekalu dogo litakuachia. Viatu viwe vya kuvua upesi. Soksi zinasaidia, maana sakafu ya nje huwaka moto mchana.

Nitapata chakula halali na pa kuswali?

Ndiyo, na kwa urahisi kuliko wengi wanavyotarajia. Msikiti wa Haroon uko karibu na gati la Oriental (N1), na mitaa yake ina mikahawa ya Waislamu. Thonburi kuna Bang Luang uliotajwa juu na Ton Son, msikiti ambao asili yake ni zama za Ayutthaya. Kwenye vyakula vya paketi tafuta alama ya halali ya umbo la almasi ya Baraza Kuu la Kiislamu la Thailand. Kwenye vibanda uliza wazi kuhusu nguruwe, kwa sababu mafuta na mchuzi wake huingia hata kwenye sahani inayoonekana kuwa ya mboga au kuku.

Ijumaa anza na Haroon kama kituo cha mchana, na sogeza mengine.

Kuna adabu gani ndani ya boti?

Kuna sehemu ya watawa, kwa kawaida nyuma, yenye maandishi. Usikae hapo wala kusimama ukiwaziba. Mwanamke hamgusi mtawa wala hampi kitu mkononi; hata boti ikijaa, mpishe. Usielekeze nyayo kwa sanamu ya Budha au mtu. Saa 2 asubuhi na saa 12 jioni wimbo wa taifa hupigwa mahali pa umma. Watu wakisimama, simama nao. Masihara juu ya familia ya kifalme ni kosa la jinai, si suala la adabu tu.

Vyoo?

Boti za kawaida hazina. Tumia vya mahekalu, maduka makubwa au mikahawa ya gatini, na uwe na sarafu.

## Usalama na hali ya hewa

Nisiyejua kuogelea, ni salama?

Safari yenyewe ni tulivu. Hatari ndogo iko kwenye kupanda na kushuka. Boti haifungwi vizuri. Baharia wa nyuma hutupa kamba, hupiga filimbi kumwelekeza nahodha ambaye haoni nyuma, na watu hutoka na kuingia kwa sekunde chache. Sogea mlangoni gati lako likikaribia, ngoja boti iguse, vuka kwa hatua moja, na usiruke likishaanza kuachana. Majaketi ya kujiokolea yapo. Mikono iwe ndani. Maji usiyaoge wala kuyachezea. Rangi yake ya kahawia ni tope, lakini tope si kitu pekee kilichomo.

Wazee, watoto na wenye viti vya magurudumu?

Kwa kiti cha magurudumu boti ya chungwa haifai kabisa. Boti za umeme na baadhi ya boti za hoteli zina sakafu inayolingana zaidi na gati, na magati yaliyokarabatiwa yana njia za mteremko. Mto hupwa na kujaa kwa kufuata bahari, kwa hiyo mteremko uliokuwa laini asubuhi unaweza kuwa mkali alasiri. Watoto washikwe mkono tangu kwenye daraja la gati.

Niende miezi gani?

Novemba hadi Februari ni kukavu na joto limepungua. Machi hadi Mei ni tanuri. Mvua hunyesha Mei hadi Oktoba, lakini nyingi ni za alasiri, nzito na fupi. Boti hushusha mapazia ya plastiki na kuendelea. Kati ya Septemba na Novemba mto huwa juu, umejaa magugu maji yanayoteremka. Miaka ya mafuriko makubwa, kama 2011, safari husimamishwa.

## Mambo yasiyotokea kila siku

Mtu amenieleza gatini kwamba ikulu imefungwa leo. Kweli?

Karibu kila mara si kweli. Ni utapeli wa siku nyingi: mtu nadhifu, mpole, anasema leo kuna ibada, kisha anakupa tuktuk ya bei ya kutupwa inayoishia kwenye duka la vito au fundi wa suti. Mshukuru, endelea kutembea hadi langoni, na uone mwenyewe. Ikulu hufungwa kweli siku chache za shughuli za kifalme, na tangazo huwekwa kwenye tovuti yake.

Boti hazionekani na mto umefungwa. Kumetokea nini?

Huenda ni maandamano ya mashua za kifalme au mazoezi yake, ambayo hurudiwa mara kadhaa kabla ya siku yenyewe. Yale makubwa ya Oktoba 27, 2024 yalikuwa na mashua 52. Ukiyabahatisha, achana na ratiba yako. Usiku wa Loy Krathong, mwezi mpevu ambao mara nyingi huangukia Novemba, watu huelea vikapu vya maua majini. Magati hufurika na vituo vingine hufungwa mapema. Songkran, mwaka mpya wa Kithai, Aprili 13 hadi 15, tarajia kuloweshwa hata ukiwa nchi kavu.

Nina sigara ya kielektroniki. Nifanye nini?

Usiingie nayo Thailand. Imepigwa marufuku, na faini zake si za mzaha.

Boti ya jioni yenye chakula na muziki inafaa?

Taa za Wat Arun na za Daraja la Rama VIII ni nzuri usiku, hilo sikatai. Chakula ni cha kujipakulia na cha wastani, muziki unashindana na wa boti jirani. Ukitaka taa bila kelele, panda kivuko cha Tha Tien baada ya giza kuingia, nenda na kurudi.

Nimepitwa na boti ya mwisho. Nirudije?

Bendera ya chungwa huisha mapema kuliko wageni wanavyodhani, na ya kutoka Nonthaburi huondoka kabla ya ile inayopita katikati ya mji. Ukiwa Nonthaburi, kuna treni ya MRT ya mstari wa zambarau, lakini kituo hakiko gatini. Chukua teksi au basi hadi hapo. Ukiwa Tha Tien au Rajinee, tembea hadi Sanam Chai. Ukiwa ng'ambo ya Wat Arun, vivuko huendelea baada ya boti kubwa kulala, na kuna kituo cha MRT cha Itsaraphap upande huohuo. Phra Arthit ndiko kugumu, kwa kuwa hakuna treni karibu: teksi ya mita, na msisitize dereva aiwashe.